Chora jiko kwa majivu kabla ya kununua saruji

Mnazi ukizaa vizuri na bei ya mwani ikikaa sawa, familia nyingi za mwambao wa Tanga huanza kuzungumzia nyumba. Kwanza hutajwa bati, kisha sakafu, kisha choo. Jiko huja mwisho, na mara nyingi huja kwa maneno mawili tu: "tulitengeneze." Fundi huitwa, tofali hupangwa pale pale lilipokuwa banda la zamani, na fedha zinazobaki huishia kwenye rangi na vigae.

Makala haya yanawahusu wakazi wa Moa na vijiji vingine vya pwani ya Wilaya ya Mkinga, lakini mkulima au mchuuzi wa mahali popote anaweza kupima hoja yake. Hoja yenyewe ni kwamba gharama kubwa ya jiko haipo kwenye saruji. Ipo kwenye mpangilio, na mpangilio mbaya hulipiwa kila siku, asubuhi na jioni, kwa miaka mingi baada ya fundi kuondoka.

Jiko ni karakana

Katika uchumi wa kilimo tunafundishwa kuangalia kaya kama sehemu ya uzalishaji. Shambani hutoka mahindi na mihogo, baharini hutoka samaki na mwani, na jikoni hutoka nguvu kazi ya kesho. Kwa familia nyingi za Moa, jikoni hutoka pia fedha taslimu: samaki wa kukaanga, vitumbua, bajia na chapati za asubuhi. Hata hivyo, ni nadra kumkuta mtu amepima jiko lake jinsi anavyopima shamba.

Tupime basi kwa mfano. Tuseme pipa la maji lipo mita 15 kutoka mahali pa moto, na mpishi hulifuata mara 20 kwa siku. Kwenda na kurudi ni mita 30, kwa hiyo kwa siku anatembea mita 600. Kwa mwaka ni kilomita 219, safari inayozidi ile ya kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro, tena nusu yake akiwa amebeba ndoo, jagi au sufuria.

Pipa lile lile likiwekwa mita 3 kutoka jikoni, safari ya mwaka inashuka hadi kilomita 44 hivi. Kwa mwendo wa kawaida mpishi anaokoa takriban dakika nane kwa siku. Dakika nane zinaonekana kidogo, lakini kwa mwaka zinakaribia saa 49, sawa na siku sita za kazi za saa nane. Hapo tumehesabu maji peke yake. Bado kuni, vyombo, unga, chumvi na takataka.

Mwanamke anayelima mwani anajua thamani ya siku sita. Kazi ya mwani hufuata maji ya bamvua, na bahari ikitoka haimsubiri mtu amalize kuosha vyombo. Anayechelewa jikoni hukuta maji yameanza kujaa, na kamba zake hubaki bila kufungwa hadi siku nyingine.

Wenzetu walivyopima

Kupima hatua za jikoni si jambo geni duniani. Mwaka 1926 msanifu majengo wa Austria, Margarete Schütte-Lihotzky, alibuni jiko kwa ajili ya nyumba za gharama nafuu za mji wa Frankfurt, Ujerumani. Alitazama majiko ya mabehewa ya chakula ya treni, ambamo mtu mmoja hupikia abiria wengi mahali padogo, akapima muda na hatua za kila kazi. Jiko lake lilikuwa na upana wa takriban mita 1.9 na urefu wa mita 3.4, na majiko ya aina hiyo yapatayo 10,000 yalijengwa.

Nchini Marekani, Chuo Kikuu cha Illinois kilieneza katika miaka ya 1940 kanuni inayotumika hadi leo, ambayo ni pembe tatu ya kazi. Unachukua sehemu tatu, yaani moto, maji na hifadhi ya chakula, kisha unapima umbali baina yake. Jumla ya pande tatu iwe kati ya mita 4 na mita 8 hivi. Ikipungua, watu hugongana. Ikizidi, mpishi anatembea bure.

Hata hivyo, tusichukue kila kitu. Jiko la Frankfurt lilijengwa kwa mtu mmoja anayepika amesimama. Jikoni kwa familia ya pwani hukutana mama, wifi, shangazi na mabinti, na kazi nyingi hufanywa kwa kukaa. Ramani nyingi za mjini zenye makabati kila upande hazina mahali pa mbuzi ya kukunia nazi, hazina mahali pa kinu, wala mahali pa kuinjika sufuria kubwa siku ya harusi au maulidi. Tuazime kipimo, vipimo vyenyewe tuvipate kwetu.

Upepo unatoka wapi?

Kabla ya kuchora ukuta wowote, simama uwanja wa nyuma uangalie upepo. Katika mwambao wetu kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki, kuanzia Desemba hadi Machi hivi. Kusi huvuma kutoka kusini mashariki katika miezi inayofuata hadi karibu na vuli. Pepo zote mbili zina upande mmoja wa pamoja, nao ni mashariki.

Maana yake ni kwamba banda la jiko likiwa upande wa magharibi wa nyumba, moshi huondoka kwa sehemu kubwa ya mwaka. Likiwa mashariki, moshi utaingia vyumbani katika kaskazi na katika kusi pia. Angalia pia jirani wa upande wa magharibi, kwa sababu moshi unaoutoa kwako usiwe umemhamishia yeye. Pale viwanja vilipobanana, dohani refu linalopita juu ya paa husaidia kuliko dirisha.

Ndani ya jiko, hewa iingie chini na itoke juu. Weka mlango au dirisha upande wa mashariki, na tofali za matundu juu kabisa ya ukuta wa magharibi, karibu na paa. Lakini usiweke jiko lenyewe mkabala na mlango, kwani upepo utapeperusha moto na kula kuni bure. Liweke kwenye pembe.

Hili si suala la starehe. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa moshi na hewa chafu ya majumbani vilisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020, wakiwamo watoto zaidi ya 237,000 wenye umri chini ya miaka mitano. Mtoto aliyebebwa mgongoni wakati mama anapuliza moto anavuta hewa ile ile anayovuta mama yake.

Kazi ya moshi tusiyoihesabu

Wapo wazee wanaosema moshi una faida, na kwa upande mmoja wana haki. Katika banda la zamani, mahindi ya mbegu hutundikwa juu ya mafiga, na moshi hufukuza dumuzi na fukusi. Makuti ya paa nayo hudumu zaidi yakipata moshi.

Kwa hiyo unapoondoa moshi, panga kitakachofanya kazi yake. Mbegu na nafaka ziwekwe kwenye mifuko ya PICS yenye tabaka tatu, ambayo huua wadudu kwa kuwanyima hewa, au kwenye pipa lenye mfuniko unaobana. Nafaka ikauke vizuri kwanza, kisha chombo kikae juu ya kichanja, mbali na ukuta wenye unyevu. Familia inayojenga jiko zuri bila kupanga hifadhi inaweza kushangaa msimu unaofuata kukuta mbegu imetobolewa, ikalazimika kununua nyingine dukani. Hasara hiyo nayo ni gharama ya jiko.

Nishati mbili, mpango mmoja

Mwezi Mei 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034. Lengo lake ni kuwa ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi kupikia. Kwa hiyo anayejenga jiko leo anajenga jiko litakaloona mabadiliko hayo.

Ukweli wa vijijini ni kwamba kaya nyingi hazihami kutoka kuni kwenda gesi kwa siku moja. Hutumia gesi kuchemsha chai asubuhi, mkaa kwa wali, na kuni, makumbi au vifuu kwa maharage na sufuria kubwa. Jiko lipangwe kwa hali hiyo, likiwa na nafasi ya moto wa kuni wenye dohani na nafasi ya gesi upande mwingine.

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hushuka na kutanda sakafuni, kwa hiyo matundu ya juu peke yake hayatoshi. Acha matundu machache usawa wa sakafu upande wa gesi, mtungi usimame wima, na usikae karibu na mkaa unaowaka. Mkaa nao una hatari yake: hewa ya sumu inayotoka kwenye mkaa haina harufu, na katika chumba kilichofungwa inaua. Jiko la mkaa halifai kuingizwa chumbani usiku, hata kama kuna baridi ya masika.

Kuni zikae nje chini ya upenu, hatua chache kutoka mlangoni. Kuni mbichi hutoa moshi mwingi na joto kidogo, kwa hiyo nafasi ya kuzikausha ni sehemu ya ramani. Na tukumbushane kwamba misitu ya mikoko ni hifadhi. Kukata bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, na ufukwe unaopoteza mikoko hupoteza pia mazalio ya samaki na kamba.

Maji yaingie, maji yatoke

Watu wengi hupanga maji yanavyoingia, wakasahau yanavyotoka. Sehemu ya kuoshea vyombo iwe kwenye ukuta wa nje, sakafu iwe na mteremko kuelekea hapo, na mfereji upeleke maji kwenye migomba. Migomba hunywa maji hayo vizuri, ila usielekeze mfereji upande wa kisima. Kama unachimba choo kipya katika mradi huo huo, kiwe angalau mita 30 kutoka kisimani.

Usafishaji wa samaki ufanyike nje, kwenye meza yake yenye kivuli na mfereji wake. Damu na magamba visiingie mahali panapopakuliwa chakula. Fundi anaweza kuona hilo kuwa ni meza ya ziada, lakini anayeuza samaki wa kukaanga anajua mteja hurudi au harudi kwa sababu ya inzi.

Paa la jiko pia ni chanzo cha maji. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya bati ni lita 1 ya maji. Paa la mita za mraba 20 likipata mvua ya milimita 30, linapokea lita 600. Tuseme moja ya tano inapotea. Zinabaki lita 480, sawa na madumu 24 ya lita 20, zilizofika mlangoni bila mtu kwenda kisimani. Gharama ni mifereji ya paa na pipa. Acha mvua ya kwanza isafishe bati na kuondoa masizi kabla ya kukinga.

Mfano wa ramani

Tuchukue banda la mita 4 kwa mita 3, upande wa magharibi wa uwa. Urefu wa mita 4 unakwenda mashariki kuelekea magharibi. Mlango uwe ukuta wa mashariki, karibu na pembe ya kusini, ili mpishi awaone watoto wanaocheza uwani.

Ukuta wa kaskazini, kuanzia mashariki, upangwe kwa mfuatano huu: maji na sehemu ya kuoshea, kisha meza ya kukatia, na mwisho moto kwenye pembe ya kaskazini magharibi. Chakula hutoka kwenye maji, hupita mezani, hufika motoni bila kurudi nyuma. Rafu za unga, mchele, chumvi na vyombo ziwe ukuta wa kusini. Ukipima kutoka maji hadi moto, moto hadi rafu, na rafu hadi maji, utapata kama mita 6.5, ndani ya kanuni tuliyoitaja. Gesi ikae ukuta wa kusini, upande wa magharibi, mbali na kuni.

Katikati pabaki wazi. Hapo ndipo zinapokaa mbuzi na vigoda, na hapo ndipo wanawake watatu wanaweza kufanya kazi bila kurukana. Kinu na mafiga ya sufuria kubwa vibaki nje.

Kama jiko litafanya biashara, toboa dirisha upande unaotazama njia, liwe na ubao wa kuwekea chakula. Mteja anahudumiwa dirishani bila kupita uwani, na faragha ya nyumba inabaki. Anayekaanga awe na nafasi ya mita moja wazi kumzunguka, na mlango usifungukie mgongoni kwake. Mafuta yakishika moto, funika sufuria na zima jiko. Kamwe usimwagie maji.

Kimo nacho kipimwe kwa mwenye kutumia. Meza ya kukatia iwe chini ya kiwiko chake kwa sentimita 10 hadi 15. Jukwaa la moto liwe chini zaidi ya hapo, kwa kuwa sufuria ina kimo chake na kusonga ugali kunahitaji nguvu inayotoka begani. Kipimo cha fundi mwenye urefu wa futi sita si kipimo cha bibi wa nyumba.

Vifaa vinavyostahimili chumvi

Hewa ya bahari hula chuma. Nondo iliyozungukwa na zege lililochanganywa na mchanga wa ufukweni huanza kuoza ndani kwa ndani, na baada ya miaka zege hupasuka. Tumia mchanga usio na chumvi, pamoja na maji yasiyo ya chumvi, hata kama lori litaongeza gharama. Saruji nunua ya kutumika ndani ya siku chache, kwa sababu unyevu wa pwani huigandisha kwenye mfuko.

Makuti ni rahisi na yana ubaridi, lakini si ya kuweka juu ya moto wa kuni. Unaweza kuezeka bati juu ya jiko, ukabakiza makuti kwenye kivuli cha nje, mbali na dohani. Sakafu iwe ngumu isiyoteleza. Vigae laini vinapendeza siku ya kwanza, lakini vikipata mafuta ya samaki ni ajali.

Fedha zitoke wapi, zianze wapi

Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari. Gawa kazi katika hatua nne, kila hatua ikiwa na fedha zake kabla ya kuanza. Kwanza ni mahali, mifereji na sakafu. Pili ni kuta, paa na matundu ya hewa. Tatu ni moto, dohani na meza. Rangi, vigae na makabati vije mwisho. Mifereji ikikosewa, kurekebisha ni kuvunja sakafu. Rangi ikikosewa, utapaka nyingine.

Tenga asilimia 10 hadi 15 ya makadirio kwa dharura. Usiuze nazi zikiwa bado mtini kwa bei ya kutupa ili kumlipa fundi. Ni afadhali jiko lisubiri mvuno mmoja. Mkopo wa VICOBA wenye riba utumike kwa sehemu itakayoingiza fedha, kama dirisha la biashara na jiko la kukaangia, na marejesho yatoke kwenye biashara hiyo. Andika mkaa wa biashara na mkaa wa nyumbani katika kurasa mbili. Wapo wachuuzi wanaoamini wanapata faida, kumbe familia ndiyo inayowalipia nishati.

Siku tatu za majaribio

Jambo la mwisho ndilo la bei rahisi kuliko yote. Kabla ya kuchimba msingi, chukua kamba, vijiti na majivu. Chora jiko lote ardhini kwa vipimo vyake halisi: kuta, mlango, maji, meza, moto na rafu. Weka ndoo mahali pa maji, meza ya mbao mahali pa kukatia, na jiko la mkaa mahali pa moto. Kisha wapishi wa nyumba wapike humo siku tatu, ikiwamo siku moja ya samaki na siku moja yenye wageni.

Utaona mambo ambayo hakuna fundi angekuambia. Mtu anayekuna nazi amekaa njiani. Mlango unamulikwa na jua la asubuhi. Moshi unakwenda kwa jirani. Kila kosa linalofutwa kwa mguu kwenye majivu ni kosa ambalo halitavunjwa kwa nyundo.

Na wakati wa kuchora, baba mwenye fedha na fundi mwenye mwiko wakae pembeni kidogo, wasikilize. Anayepika mara tatu kwa siku ndiye mhandisi wa kwanza wa jiko hilo. Akishasema "hapa pananitosha," ndipo mfuko wa kwanza wa saruji ununuliwe.